Kipande cha Yohana na Mimbari Zetu
Wahubiri tumezoea kukitaja kile kipande cha mafunjo kilichohifadhiwa Manchester, Uingereza, chenye mistari michache ya Yohana 18, ambapo Pilato anamhoji Yesu. Mwaka 1935 C. H. Roberts, kwa kulinganisha miandiko, alikikadiria kuwa cha nusu ya kwanza ya karne ya 2. Nasi mimbarini tukatia chumvi: "Ni cha mwaka 125, imethibitika!" Lakini mwandiko si tarehe, mtu huweza kuandika vilevile hata uzeeni. Mwaka 2005 Brent Nongbri alionya kwamba hata mwanzo wa karne ya 3 wawezekana. Tukiri, wapendwa: tulizidisha. Injili haitegemei makadirio yetu, wala kweli haitetewi kwa chumvi.