Kutengwa Kusikopimwa: Uhakiki wa Kipimo cha Ushiriki wa Kijamii kwa Watu Wazima wenye Magonjwa Makubwa ya Akili
Sehemu hii inahakiki WHODAS 2.0, kipimo cha ulemavu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Toleo fupi, lenye maswali 12, huuliza ugumu alioupata mhojiwa katika siku 30 zilizopita kutokana na afya yake. Swali kuhusu vikwazo vya mazingira, lililomo katika toleo la maswali 36, limeachwa. Chukulia mtu mwenye skizofrenia katika kata ya Ziba, wilayani Igunga: msibani huchota maji, ila kwenye kikao cha ukoo haitwi. Toleo fupi litaihesabu hali hiyo kuwa ugumu wa mgonjwa, ilhali mlango umefungwa na wengine. Utafiti huu unapendekeza toleo refu, pamoja na swali la nyongeza: je, uliitwa?