Simba wa Filamu na Simba wa Mbugani: Kuhusu Kazi ya Virginia McKenna

Katika uhakiki wa sanaa tumezoea kuuliza maswali mawili: msanii anasema nini, na anakisema kwa njia gani? Makala haya yanakusudia kuongeza swali la tatu, ambalo ni nadra kuulizwa: kazi ya sanaa ikishakamilika, wale waliotumiwa katika kuitengeneza wanapelekwa wapi? Swali hili linatufaa tunapoitazama kazi ya Virginia McKenna, mwigizaji wa Uingereza ambaye filamu yake mashuhuri ilipigwa Kenya, na ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa utetezi wa wanyama wa porini kuliko kwa uigizaji.

McKenna alizaliwa London mwaka 1931. Sifa zake zilienea mwaka 1956 kwa filamu iitwayo A Town Like Alice. Humo aliigiza mmoja wa wanawake waliotekwa na Wajapani huko Malaya wakati wa Vita Kuu vya Pili, wakatembezwa kwa miguu siku nenda siku rudi kwa kuwa hapakuwa na kambi iliyokubali kuwapokea. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora wa kike wa Uingereza. Mwaka 1958, katika Carve Her Name with Pride, aliigiza maisha ya Violette Szabo, mwanamke jasusi aliyeuawa na Wanazi mwaka 1945. Filamu hizi mbili zinatuonyesha msingi wa uigizaji wake. McKenna hapazi sauti wala hatupi mikono ovyo. Uchungu wa mhusika huonekana katika kunyamaza kwake na katika namna anavyomtazama mwenzake. Wahusika wake ni wavumilivu, lakini uvumilivu wao si unyonge.

Tabia hiyo ya usanii ndiyo iliyomfaa alipokuja Kenya kuigiza Born Free, filamu iliyotolewa mwaka 1966. Hadithi yake inatokana na kitabu cha Joy Adamson cha mwaka 1960. Mumewe, George Adamson, msimamizi wa wanyama wa porini wakati wa ukoloni, anamuua simba jike, nao wanawalea watoto wake watatu. Wawili wanapelekwa katika bustani ya wanyama huko Rotterdam. Wa tatu, Elsa, anafundishwa kuwinda na hatimaye kurudishwa porini. McKenna aliigiza Joy, na mumewe halisi, Bill Travers, akaigiza George. Adamson mwenyewe alikuwa mshauri wao. Simba hajui maana ya kamera, wala hamtii mwelekezi. Mwigizaji anayetaka kuonekana yeye peke yake hawezi kufaulu mbele ya simba. Hana budi kusubiri, kusikiliza na kumfuata mnyama. McKenna aliweza hayo, na ndiyo maana mapenzi tunayoyaona baina yake na simba hayaonekani kuwa ya kubuni.

Hata hivyo, filamu hii ina kasoro mbili kubwa, na mhakiki hana ruhusa ya kuzifumbia macho kwa sababu ya uzuri wa picha na muziki.

Kasoro ya kwanza inahusu watu. Mwanzoni mwa filamu mwanamke wa kijijini anafua nguo mtoni, naye anauawa na simba. Kifo hicho ndicho kinachomfanya Adamson achukue bunduki, na hivyo ndicho chanzo cha hadithi nzima. Lakini jina la marehemu hatulisikii, waliofiwa hatuwaoni wakiomboleza, na hadithi ikishaanza kwenda, mwanamke huyo anasahaulika. Machozi yetu yanaelekezwa kwa watoto wa simba. Yuko pia Nuru, mtumishi aliyeigizwa na Peter Lukoye. Anawapenda watoto wa simba na anatuchekesha. Ila hatuambiwi yeye anawaza nini juu ya simba, juu ya waajiri wake, wala juu ya nchi yake. Katika filamu yenye dhamira ya uhuru, iliyotolewa miaka michache tu baada ya Kenya kujitawala, Mwafrika amebaki mshika chupa ya maziwa.

Kasoro ya pili inahusu simba wenyewe. Simba kadhaa walitumika katika kupiga filamu hii. Kazi ilipokwisha, watatu tu, yaani Boy, Girl na Ugas, walikabidhiwa kwa George Adamson, akawapeleka Meru kuwafundisha maisha ya porini. Wengi wa waliobaki walipelekwa katika bustani za wanyama. Filamu iliyowaliza watu kwa kusifu uhuru wa mnyama mmoja iliwaacha waigizaji wake wenye manyoya nyuma ya vyuma. Maudhui yalisema neno moja, na utengenezaji ukasema jingine.

McKenna na Travers waliiona tofauti hiyo, na iliwasumbua. Lakini majuto ni mjukuu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walirudi Kenya kupiga An Elephant Called Slowly, na humo walicheza na ndama wa tembo aliyeitwa Pole Pole. Ndama huyo alikuwa zawadi ya serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Waigizaji hao walitaka kumnunua ili abaki kwao. Walipoelezwa kwamba ndama mwingine angekamatwa badala yake, waliacha. Pole Pole akasafirishwa. Miaka mingi baadaye walikwenda kumtazama huko London. Walimwita kwa jina lake, naye akawanyoshea mkonga. Walipigania ahamishwe, lakini mwaka 1983, wakati wa jitihada za kumhamisha, aliumia na akafa angali kijana kwa umri wa tembo. Mwaka uliofuata McKenna, Travers na mwana wao Will walianzisha chama cha Zoo Check cha kuchunguza hali ya wanyama waliofungiwa. Mwaka 1991 chama hicho kilichukua jina la filamu ile ya kwanza: Born Free.

Kuna watakaosema kwamba huyu ni mgeni mwingine tu anayelilia tembo na kuwasahau watu. Shutuma hiyo ina ukweli wake, kama tulivyoona kwa yule mwanamke wa mtoni. Lakini tusisahau kwamba aliyemtoa Pole Pole kuwa zawadi hakuwa mkoloni. Ilikuwa serikali huru ya Kiafrika. Lawama ni yetu sote. Isitoshe, ni wasanii wachache mno wanaorudi kwenye kazi iliyowapa sifa, wakaitazama kwa jicho la mhakiki, kisha wakatumia zaidi ya nusu ya maisha kuisahihisha. McKenna aliisahihisha kasoro ya pili. Hiyo ndiyo thamani ya utetezi wake, kuliko cheo cha heshima alichotunukiwa na taifa lake katika Mwaka Mpya wa 2023. Kasoro ya kwanza bado haijasahihishwa, wala hatuna sababu ya kumngojea yeye aifanye kazi hiyo. Ni juu ya waandishi wetu kutuandikia hadithi ya Nuru, na ya mwanamke aliyekwenda mtoni kufua.

Neno la mwisho ni kwa walimu wenzangu. Jina la tembo yule ni la Kiswahili, na kichwa cha filamu kimelitafsiri kwa maana ya mwendo wa taratibu peke yake. Sisi tunajua kwamba katika jina hilo mna upole pia, na mna neno tunalomwambia aliyeumia au aliyefiwa. Tafsiri iliyachukua matumizi mamoja, ikayaacha mengine yote. Wapeni wanafunzi jina hilo walichambue darasani, kisha waulizwe: katika habari hii yote, ni nani waliostahili kuambiwa pole, na ni nani ambao hawakuambiwa?