Sonona, Unyogovu na "Mawazo Mingi": Uhakiki wa Istilahi Moja

Makala haya mafupi yanahakiki namna Kiswahili kilivyolipokea neno depresioni. Hoja yetu ni kwamba istilahi mbaya yaweza kumdhuru mgonjwa.

Katika Kifaransa, lugha rasmi ya Kongo, neno hili lina maana kadhaa. Mwanajiografia hulitumia kwa ardhi iliyobonyea, kama ufa uliomo Ziwa Kivu. Mwanauchumi, kwa mdororo kama ule wa miaka ya 1930. Tabibu, kwa ugonjwa. Zote zaunganishwa na dhana ya kushuka. Kiswahili hutenganisha maana hizi, na hilo si upungufu. Utata umo katika maana ya kitabibu, ambamo sonona na unyogovu hushindana.

Unyogovu haufai. Neno hili lina jirani zake ulegevu na uvivu. Hivyo mgonjwa huhukumiwa kabla ya kutibiwa. Sonona ni afadhali, kwani kusonona ni kuumia moyoni.

Hata hivyo, tuchukue mtaa wa Cimpunda, wilayani Kadutu, mjini Bukavu. Huko mtu hasemi kuwa ana sonona. Husema: "Niko na mawazo mingi", au "Roho inaniuma". Ugonjwa hautajwi kwa nomino. Roho ndiyo itendayo, na msemaji ndiye atendwaye. Lakini "mawazo mingi" pia ni karo isiyolipwa na kodi ya nyumba. Basi usemi huu nao hautoshelezi peke yake.

Aidha, swali "Je, una huzuni?" halisaidii. Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, ni nani angejibu hapana? Matabibu hutaka hali ya huzuni, au ya kutopendezwa na lolote, idumu takriban kila siku kwa muda usiopungua wiki 2. Kwa hiyo yafaa kuuliza: mawazo hayo yameanza lini? Yamekuzuia kufanya kazi gani uliyokuwa ukiipenda?

Tunapendekeza sonona ibaki kamusini, na fasili yake itaje muda huo. Zahanatini, usemi wa wenyeji na uwe mlango wa mazungumzo. Msomi atakayesahihisha "mawazo mingi" kuwa "mawazo mengi" atakuwa ametengeneza upatanisho wa kisarufi, na huenda asiwe amesikia kilio.