Wati za Kwenye Boksi na Sauti Inayofika

Anayeingia duka la vifaa vya umeme pale Litein, Bomet mjini au Kericho akitafuta spika ndogo ya kuunganisha na laptopu hupokewa kwanza na namba. Boksi moja linatangaza wati 10, la pili wati 20, na halikosekani lile linalodai wati 1,000 zikifuatwa na herufi PMPO, ilhali spika yenyewe inaenea kiganjani. Namba hizo, kwa maoni yangu, ndizo za kuangaliwa mwisho. Mtu wa nchi ya chai aliyetenga shilingi 1,500 hadi 3,000, anayetaka watu 20 wa kikundi wasikie video ya kupogoa michai, au darasa lisikie hadithi, au nyumba nzima ifuatilie mahubiri, anahitaji spika inayotamka maneno bila kuyameza, inayoweza kukaa karibu na wasikilizaji, na inayopokea waya. Sifa nyingine zikipatikana ni heri, ila zisimfanye aziache hizo tatu.

Ushahidi wa kwanza uko hapa hapa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki mzaliwa wa Uingereza aliyefanyia kazi yake kusini mwa Afrika, alifika Kapkatet na kurekodi nyimbo za Wakipsigis, wenyeji wa nchi hii ya chai. Mmoja kati ya hizo, Chemirocha, uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, na aliyetajwa humo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyeanza kurekodi mwaka 1927 na kufariki mwaka 1933. Rodgers hakuwahi kukanyaga Kenya. Sauti yake ilifika kwa santuri na gramafoni, na gramafoni za kubeba za enzi hizo zilikazwa kwa mkono, hazikuwa na wati hata moja ya umeme. Kwa kawaida hazikutoa chochote cha maana chini ya hezi 200, na juu zilififia kwenye hezi 4,000 au 5,000. Besi haikuwepo. Hata hivyo, sauti hiyo nyembamba iliwaingia wasikilizaji kiasi cha kutungiwa wimbo. Ilichokuwa nacho gramafoni ni pembe inayosukuma hewa vizuri katika masafa ya kati, yale ambayo sauti ya binadamu inaishi, basi nguvu kidogo ya sindano ikatosha kujaza chumba.

Rekodi za Tracey zenyewe zinafundisha jambo jingine. Zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini, na katika miaka ya 2010 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha Kapkatet zikiwa nakala za kidijitali. Siku hizi mjukuu wa walioimba anaweza kuzifungulia kwenye laptopu. Zote ni za mono: kilichonaswa ni mkondo mmoja wa sauti, hakuna kushoto wala kulia. Video nyingi za mafunzo, mahubiri na masomo nazo ziko karibu hivyo hivyo, kwa kuwa anayezungumza ni mmoja na maikrofoni ni moja. Kwa hiyo anayelipia zaidi ili apate spika yenye vipaza viwili ndani ya boksi la upana wa sentimita 15 analipia kitu ambacho sikio halitakitofautisha likiwa hatua tatu mbali. Fedha hiyo ingefanya kazi zaidi kwenye kipaza kimoja kikubwa kidogo.

Sasa turudi kwenye wati, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hupotezea fedha. Chukua spika ya bei nafuu inayopata umeme kutoka tundu la USB la laptopu. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha volti 5 na nusu ampea. Zidisha, unapata wati 2.5, na sehemu yake hupotea njiani kabla ya kuwa sauti. USB 3.0 huongeza hadi ampea 0.9, yaani wati 4.5. Spika ya namna hiyo iliyoandikwa wati 10 haiwezi kuzitoa mfululizo, kwa sababu haizipokei. Zile zenye betri nazo zina hesabu yake. Fungua nyingi za bei ya chini na utakuta chipu ndogo ya kukuza sauti, mojawapo iliyoenea sana ikiwa PAM8403. Karatasi ya mtengenezaji wake inasema hutoa wati 3 kwa kila upande ikipata volti 5 na kipaza cha omu 4, lakini hapo sauti imeshaharibika kwa asilimia 10. Betri ya lithiamu haina volti 5, ina 3.7, na nguvu hushuka kwa mraba wa volti. Pasipo sakiti ya kupandisha volti, zile wati 3 zinakuwa kama 1.6. Huo ndio ukweli wa ndani ya plastiki, hata kama boksi limepigwa chapa ya moto na radi.

Atakayepinga atasema: hata kama namba zimetiwa chumvi, si yenye wati nyingi bado itakuwa na sauti kubwa kuliko yenye chache? Ndiyo, ila kwa kiasi kidogo mno. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kushangazwa nayo. Ili sauti isikike kama imekua mara mbili, zinahitajika takriban desibeli 10, na hizo zinadai nguvu mara kumi. Umbali, kwa upande wake, hufanya kazi kubwa bila gharama. Mahali pa wazi, ukipunguza nusu ya umbali kati ya spika na msikilizaji unapata desibeli 6, sawa na kuongeza nguvu mara nne. Mtu aliyekaa mita 8 kutoka mezani akisogezewa spika hadi mita 4 amepewa kile ambacho vinginevyo kingehitaji spika ya wati 12 badala ya 3. Ndiyo maana waya mrefu wa AUX, ule wa tundu la milimita 3.5, ni ununuzi wa maana kuliko kupanda daraja moja kwenye rafu ya dukani. Mahali penye watu wengi, spika mbili ndogo za aina moja, zikigawiwa sauti kwa kigawanyio cha waya na kuwekwa pande mbili za kikundi, huwafikia watu wa nyuma kuliko moja kubwa iliyopandishwa mbele mpaka ikaanza kukwaruza. Waliokaa mbele nao hawazibi masikio.

Nchi hii ya chai ina tatizo lake ambalo mwandishi wa mapendekezo aliye Ulaya au Nairobi hatalifikiria. Upepo wa unyevu kutoka Ziwa Victoria unapokutana na miinuko ya Mau, mawingu hujengeka kutwa na mvua hushuka alasiri, mara nyingi na radi, na Kericho inajulikana kwa mvua ya mawe. Mikutano ya vikundi nayo huwa alasiri, baada ya majani ya chai kupimwa, na paa ni la mabati. Kelele ya mvua juu ya bati husambaa katika masafa yote, ikiwemo sehemu ile kati ya hezi 1,000 na 4,000 ambako konsonanti hukaa, na konsonanti ndizo zinazotofautisha neno na neno. Hapa besi haimsaidii mtu yeyote. Msikilizaji atajua kuna anayezungumza, asijue anasema nini. Spika yenye uwazi wa masafa ya kati itashindana na mvua ya kawaida ikiwa iko karibu. Mawe yakianza kuanguka, hakuna spika ya shilingi 3,000 itakayoshinda, na mwenye busara atasimamisha video. Kinachowezekana ni kuhamishia kipindi cha kusikiliza asubuhi siku za mafunzo, uamuzi usiogharimu hata shilingi na wenye faida kuliko kifaa chochote kinachouzwa mjini.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wapenda muziki, na ninalipa uzito wake. Wanasema spika isiyo na besi ni redio ya zamani tu; gita la benga litasikika, mdundo wake je? Ni kweli, kipaza cha milimita 40 au 50 hakiwezi kusukuma hewa ya kutosha chini ya hezi 150 au 200, na hilo halirekebishwi na programu yoyote. Lakini sikio lenyewe lina msaada wake. Sauti ya mwanamume ina msingi wa karibu hezi 100, na simu za kawaida kwa miongo mingi zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu. Hata hivyo hakuna anayemdhania baba yake mtoto kwenye simu. Ubongo huujenga msingi uliopotea kutokana na mawimbi ya juu yanayoandamana nao. Kwa Wakipsigis hili lina maana ya pekee, kwa kuwa lugha yao hutofautisha maana kwa toni na kwa urefu wa irabu, na vyote viwili hupona katika masafa hayo ya kati. Mdundo wa muziki ndio hasa unaopungua. Anayetaka kidogo zaidi aiweke spika karibu na ukuta, au kwenye kona, na besi itajitokeza. Kwa mazungumzo afanye kinyume: aitoe ukutani na kuinyanyua hadi usawa wa masikio ya waliokaa. Anayetaka kuchezesha watu harusini anatafuta wufa ya kuchomeka kwenye umeme, na hiyo ni biashara nyingine kabisa. Tatizo ni kulazimisha kifaa kimoja cha bei nafuu kifanye kazi zote mbili, kwa sababu watengenezaji huitikia kwa kuongeza mvumo unaofunika maneno.

Bluetooth ni nzuri, na siku hizi karibu kila spika ya bei hiyo inayo. Hata hivyo, nisingenunua spika isiyo na tundu la milimita 3.5 pembeni. Bluetooth ya bei ya chini huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na ingawa baadhi ya programu za video hufidia, nyingine hazifidii, mdomo ukaachana na neno. Katika mkutano wa mtandaoni ucheleweshaji huo huongeza kukanyagana kwa wazungumzaji. Spika nyingi za aina hii pia haziulizi namba ya siri: mtu aliye chumba cha pili akiwa na simu yake anaweza kuinasa kabla laptopu haijaunganishwa. Waya hauna mambo hayo, na hukuokolea chaji kidogo. Wapo wanaosema waya hukatika. Hukatika, kweli, nao hubadilishwa kwa bei ya soda chache; moduli ya Bluetooth ikifa, spika isiyo na tundu imekufa nayo. Inafaa kukumbuka pia redio ya nyumbani, ile inayosikiliziwa Kass FM au Chamgei FM kila asubuhi. Ikiwa nyuma yake kuna tundu la AUX, tayari mna spika ya laptopu yenye kipaza kikubwa na kasha pana kuliko zote zilizo kwenye rafu ya shilingi 2,000, na hakuna haja ya kununua.

Jaribio la dukani ndilo linalomaliza ubishi, na lichukue dakika chache bila haya. Muuzaji atafungua wimbo wenye besi nzito, maana wimbo huo umechaguliwa kuuza. Mnunuzi abebe laptopu yake, au simu na waya, ikiwa na rekodi ya mtu anayesoma majina na tarakimu, bora zaidi sauti ya mwanamke na ya mwanamume kwa zamu. Spika ipandishwe mpaka mwisho, mnunuzi asogee hatua sita, ageuke asitazame skrini, kisha aone kama anaweza kuandika kila jina na kila tarakimu. Irabu zikivimba na herufi za s, t na k zikayeyuka, hiyo iachwe hata kama inatikisa kioo cha meza. Baadaye ishushwe hadi robo tatu: iliyo nzuri itabaki wazi, na hapo ndipo itakapotumika siku nyingi.

Kuhusu betri, namba ya kuamini ni miliampea-saa (mAh), na nayo kwa kiasi. Seli ya mAh 2,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 7.4, mazungumzo hutumia kwa wastani chini ya wati moja, kwa hiyo saa sita au saba ni matarajio ya haki kwa betri nzima. Ni heri betri inayotoka, ya mtindo wa simu za zamani au silinda ya 18650, kuliko iliyogandishwa ndani kwa gundi, kwa kuwa fundi wa simu wa Kapkatet au Silibwet ataibadilisha siku hiyo hiyo. Ukungu wa asubuhi na nguo zilizolowa kwenye begi moja na spika hudai kinga kidogo: alama ya IPX4 humaanisha inahimili maji ya kurushiwa, na inatosha. IPX7, ya kuzamishwa mita moja kwa nusu saa, huongeza bei kwa hatari ambayo shamba la chai halina. Kinachoharibika mapema kuliko betri na kipaza ni tundu la kuchajia, hasa lile la micro-USB linalolegea kwa kuchomekwa gizani. Spika mbili zikilingana katika jaribio la majina, ichukuliwe yenye Type-C.