Tabaka kwa Tabaka: Utando wa Sola Ulivyoongezewa Nguvu

Mwaka 1976, David Carlson na Christopher Wronski wa maabara za RCA nchini Marekani walitoa taarifa ya seli ya sola iliyotengenezwa kwa silikoni isiyo na fuwele. Ufanisi wake ulikuwa asilimia 2.4. Miaka ishirini baadaye teknolojia hiyo ilikuwa imejaa madukani Kenya: paneli za kioo chenye rangi ya kahawia, za wati 12 hivi, zilizowasha taa na televisheni ndogo vijijini. Malighafi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mpangilio wa matabaka, na mpangilio huo una hesabu yake ya pekee juu ya paa la bati kisiwani Unguja.

Silikoni ya kawaida hukatwa vipande vyenye unene unaozidi mikromita mia moja. Isiyo na fuwele hufyonza mwanga kwa nguvu zaidi, hivyo utando wa mikromita 0.3 tu, uliopakwa juu ya kioo kwa gesi ya silani, unatosha. Tatizo ni kwamba atomi zake zimekaa shaghalabaghala. Haidrojeni huziba mapengo mengi, lakini chaji iliyoamshwa na mwanga haifiki mbali kabla ya kupotea. Ndiyo maana seli ikajengwa kwa matabaka matatu: jembamba mno mbele lenye boroni, jingine nyuma lenye fosforasi, na katikati silikoni safi isiyotiwa kitu. Yale ya pembeni hayazalishi umeme wa maana. Kazi yake ni kujenga uga wa umeme unaoivuta chaji kutoka tabaka la kati kabla haijapotelea njiani.

Mwaka 1977 likaibuka balaa. Wronski na mwenzake David Staebler waligundua kwamba jua lenyewe huidhoofisha silikoni hiyo. Paneli mpya inaweza kupoteza hata robo ya nguvu zake katika miezi ya mwanzo, kisha ikatulia. Tabaka la kati likiwa nene, hunasa mwanga mwingi lakini uga hulegea na hasara ikakua. Likiwa jembamba, hulistahimili jua lakini mwanga hupita bila kunaswa. Katika mvutano huo ndimo ulimo uhondo wote wa kazi hii.

Jibu la kwanza lilikuwa kuulazimisha mwanga usafiri njia ndefu ndani ya tabaka jembamba. Tabaka angavu la oksidi linalopitisha umeme, lililo juu ya kioo, likapewa uso wa vinundu ili mwanga uingie kwa kupinda. Nyuma ikawekwa metali ya kuurudisha ndani. Huko Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kundi la Yoshihiro Hamakawa wa Chuo Kikuu cha Osaka lilitia kaboni katika tabaka la mbele, nalo likaacha kujifyonzea mwanga wa buluu bure.

Jibu la pili lilikuwa la kijasiri zaidi: seli mbili nyembamba, moja juu ya nyingine, badala ya moja nene. Ya juu hunasa buluu na kijani, ya chini nyekundu. Volti zake hujumlishwa, ila mkondo ni mmoja, kama watu wawili wanaopokezana ndoo kisimani: mzito ndiye mwenye kupanga kasi. Kwa hiyo unene wa kila seli hupimwa hadi mikondo ilingane. Mwaka 1994 watafiti wa Neuchâtel, Uswisi, waliweka chini seli ya silikoni yenye fuwele ndogondogo, inayonasa hata mwanga usioonekana kwa macho. Nayo kampuni ya United Solar ya Marekani ilipanga seli tatu, na mwaka 1997 ikafikia asilimia 13 baada ya seli kutulia juani.

Hiyo "baada ya kutulia" si jambo dogo. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzao wa Nairobi, walipima paneli zilizokuwa tayari zinatumika majumbani Kenya. Kulikuwa na chapa zilizotoa karibu na wati zilizoandikwa, na nyingine iliyopungukiwa vibaya. Mnunuzi dukani hakuwa na njia ya kuzitofautisha.

Sasa Unguja. Wati za kwenye lebo hupimwa seli ikiwa na joto la nyuzi 25, lakini juu ya paa adhuhuri hufika 60 bila taabu. Silikoni ya kawaida hupoteza takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, yaani asilimia 14 kwa tofauti hiyo. Isiyo na fuwele hupoteza kama nusu yake. Joto hilohilo pia huponya sehemu ya madhara ya jua. Kisiwa kilichokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu za njia ya umeme itokayo Ras Kiromoni hadi Fumba, hakitafuti umeme wa paani kwa anasa. Ila utando wa asilimia 6 au 7 unadai eneo kubwa, na paa za Mji Mkongwe zimebanana. Isitoshe, unyevu ukipenya kingoni, lile tabaka angavu huliwa na kubanduka kwenye kioo.

Silikoni ya kawaida iliposhuka bei baada ya 2010, ile ya kahawia ilisukumwa nje ya soko. Ufundi wa matabaka haukufa. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ambacho kwa miaka mingi kimeshirikiana na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilitangaza asilimia 23.6 kwa utando wa shaba, indiamu, galiamu na seleniamu, baada ya kuutia madini ya fedha na kuirundika galiamu upande wa nyuma. Mwaka huohuo kampuni ya LONGi ya China ikavuka asilimia 34 kwa kuweka perovskaiti, utando wa fuwele unaonasa mwanga, juu ya silikoni. Perovskaiti huogopa unyevu kuliko vyote vilivyoitangulia. Kwa mnunuzi wa soko la Darajani, Unguja, tabaka la kuulizia kwanza ni lile linaloziba kingo.