Stelingi Nani? Jagina, Kamera na Tashtiti katika Tamthilia ya The Boys

Katika vibanda vya video vya Bangwe, kama ilivyo katika vibanda vingine vya mwambao wa Kigoma na Ujiji, mtazamaji anayeingia filamu ikiwa imekwisha kuanza huuliza swali moja kabla hajakaa: stelingi nani? Haulizi kisa kinahusu nini wala kimetokea wapi. Akishamjua stelingi, mengine hujipanga yenyewe: nani wa kuhurumiwa, nani wa kuzomewa, kifo kipi ni msiba na kipi ni burudani. Ninalichukua swali hilo la kibandani kuwa chombo cha uhakiki, na ninakusudia kulitumia kuichambua The Boys, tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iliyoanza kuoneshwa na Prime Video mwaka 2019 chini ya usimamizi wa Eric Kripke. Tamthilia hiyo inatokana na katuni za Garth Ennis na Darick Robertson zilizochapishwa kati ya 2006 na 2012. Uchambuzi huu unahusu misimu minne ya kwanza, yaani ile ya 2019 hadi 2024.

Dai langu ni hili: The Boys ni tashtiti kali ya kisiasa pale inapoonesha jinsi jagina anavyotengenezwa na kusimuliwa, na hupungua makali pale inapoacha mtambo wa usimulizi na kumwandama mtu mmoja. Tena, mbinu zake za kisimulizi zimechangia kumfanya mtu huyo apendwe na wale wale waliokusudiwa kuchekwa.

Kisa chenyewe si kigumu kukifuata. Katika Marekani ya tamthilia hii wamo watu wenye nguvu zisizo za kawaida, na watu hao ni mali ya kampuni iitwayo Vought. Kampuni huwapangia miji ya kulinda, huwatengenezea filamu, huuza vinyago na vinywaji kwa sura zao, na huwaficha wanapoua. Kiongozi wao ni Homelander, mwenye joho la bendera ya Marekani na macho yatoayo miali ya kukata chuma. Wanaopambana nao ni kikundi kidogo cha watu wa kawaida kinachoongozwa na Billy Butcher. Baadaye inabainika kuwa majagina hawakuzaliwa na karama, bali walidungwa dawa wangali watoto wachanga, nayo dawa hiyo asili yake ni mwanasayansi wa Ujerumani ya Kinazi aliyehamia upande wa Marekani. Kinachoitwa baraka ya Mungu kwenye majukwaa kimetoka maabara.

Tukio linaloifungua tamthilia linatosha kuonesha ubora wake. Kijana Hughie Campbell amesimama kando ya barabara, ameshikana mikono na mpenzi wake Robin. A-Train, jagina mwenye mbio kupita wote, anampitia Robin kwa kasi hata mwili unasambaratika, na Hughie anabaki ameshika mikono miwili isiyo na mwenyewe. Damu si jambo jipya katika filamu. Kilicho kipya ni kinachofuata: mwakilishi wa kampuni anafika nyumbani na hati, na dola 45,000 ziko tayari, kwa sharti kwamba Hughie atie saini na anyamaze. A-Train anatoa rambirambi zilizoandikwa na watu wa ofisini. Msuko mzima wa msimu wa kwanza umo ndani ya hati ile. Tashtiti haimlengi A-Train kama mtu katili. Inalenga utaratibu ambao ndani yake kifo cha msichana ni gharama ya uendeshaji yenye kiwango chake.

Sehemu ya nne ya msimu huo inalipeleka wazo hili mbali zaidi. Ndege ya abiria imetekwa. Homelander na Queen Maeve wanaingia ndani angani na kuwaua watekaji, lakini miali ya Homelander inaunguza vyombo vya kuongozea ndege. Maeve anamsihi waokoe japo wachache. Homelander anakataa, kwa kuwa atakayeokoka atasimulia. Wanawaacha abiria wote wafe. Kisha, ufukweni, penye mabaki ya ndege na mbele ya kamera, Homelander anahutubia kwa uchungu kwamba laiti majagina wangekuwa sehemu ya jeshi, wangearifiwa mapema na wangewahi. Uzembe umegeuzwa hoja ya kisiasa, na waliokufa wamekuwa mashahidi wa upande wa muuaji wao. Mbinu inayotumika hapa ni ya zamani mno: mtazamaji anapewa maarifa ambayo umma wa ndani ya kisa umenyimwa. Kejeli yote inaning'inia katika pengo hilo kati ya tulichokiona na kinachotangazwa.

Msomaji wa Kigoma halioni pengo hilo kuwa jambo la kubuni. Huko Ujiji, mwendo usio mrefu kutoka Bangwe, pana kumbukumbu ya mahali ambapo Henry Morton Stanley alikutana na David Livingstone mwaka 1871. Stanley hakutumwa na kanisa wala serikali. Alitumwa na gazeti, New York Herald la James Gordon Bennett, lililohitaji kisa cha kuuza. Kisa kilipatikana, kitabu kikatoka mwaka uliofuata, na mwaka 1939 Hollywood ikakifanya filamu. Katika shajara ya Stanley kurasa za makutano yale zimenyofolewa, na mwandishi wa wasifu wake, Tim Jeal, anaona kuwa salamu mashuhuri inayonukuliwa duniani kote huenda haikutamkwa kamwe. Livingstone mwenyewe alikuwa amerudi Ujiji mgonjwa na fukara, akakuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa. Aliyetoka mbio kumlaki Stanley alikuwa Susi, ambaye pamoja na Chuma na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone hadi pwani mwaka 1874. Katika mfumo wa Vought, Susi na Chuma wangekuwa wasaidizi wa jagina, wasio na kinyago dukani. Silinganishi tabia za watu hawa na Homelander. Ninalinganisha kazi ya gazeti na kazi ya kampuni. Ujasiri ulikuwapo Ujiji, lakini haukuwa lazima uwe wa yule aliyeandikwa kwenye jiwe.

Hapo ndipo swali la stelingi linapoleta matata. The Boys inakataa kulijibu. Butcher, ambaye kwa desturi ya filamu za mapambano angekuwa ndiye, anaongozwa na chuki kiasi kwamba katika msimu wa tatu anajidunga dawa ile ile anayoichukia, na mwishoni mwa msimu wa nne anamuua Victoria Neuman wakati ambapo mwanasiasa huyo amekuja kutafuta msaada. Hughie ni mwema lakini mnyonge. Starlight anaamini wema, naye kila mara anagundua kuwa imani yake imekwisha kutiwa kwenye tangazo. Kiti cha stelingi kinabaki wazi, na katika sanaa ya kutazamwa kiti kilicho wazi hukaliwa na mwenye nguvu.

Aliyekikalia ni Homelander. Kripke amesema hadharani kwamba mhusika huyu anamwakilisha Donald Trump, lakini baadhi ya mashabiki walimshangilia kwa miaka kadhaa wakimwona mtu asiyeomba radhi, kisha wakaghadhibika walipotambua kwamba walikuwa wanachekwa. Wachambuzi wengi waliridhika kusema kuwa mashabiki hao hawakuelewa. Jibu hilo ni jepesi. Tuangalie tamthilia yenyewe inampa nani muda. Uso wa Antony Starr, mwigizaji aliyeibeba nafasi hiyo kwa ustadi mkubwa, unasogelewa na kamera kuliko uso mwingine wowote. Tunaona tabasamu linavyochelewa kufika machoni. Anapewa utoto: alikulia maabara bila mama, akifanyiwa majaribio. Katika msimu wa nne anarudi huko kulipiza kisasi, na mauaji yale yanapigwa picha kama hukumu iliyochelewa. Abiria wa ile ndege hawana utoto. Robin ana dakika chache. Usimulizi unaompa muuaji wasifu na kumpa mwathirika mwili tu umekwisha kumjibu mtu wa kibandani, hata kama mwandishi anakusudia kinyume chake.

Matthias Krings, aliyewatafiti watafsiri wa filamu wa Tanzania, akiwemo Lufufu, ameonesha kuwa watu hawa hawahamishi maneno tu. Huongeza maelezo na kukikaribisha kisa kigeni katika maisha ya wasikilizaji. Sauti ya namna hiyo ingeweza kuifanyia The Boys kile ambacho picha zake hazifanyi. Mtafsiri angeweza kumkatiza Homelander katikati ya hotuba ya ufukweni na kuwakumbusha watazamaji nani aliyeunguza vyombo vya ndege. Angeweza vilevile, kwa sababu biashara yake inahitaji stelingi, kumtawaza Homelander tangu dakika ya kwanza. Hatari hiyo ni ya kweli, kwa kuwa hata riwaya pendwa za Kiswahili zimetuzoesha kumwamini jagina moja kwa moja. Willy Gamba wa Elvis Musiba, anayepelekwa Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi, ni mtumishi wa dola na wa ukombozi wa Afrika. Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mwandishi mzaliwa wa mkoa huu wa Kigoma, hana ajira ya dola. Wanatofautiana katika mengi, lakini msomaji hatakiwi kujiuliza kama jagina ndiye ugonjwa.

Waandishi wa The Boys wanaonekana kuitambua hatari hii mwishoni mwa msimu wa tatu, na jibu lao ni tukio bora kuliko yote katika tamthilia nzima. Homelander anamtambulisha mwanawe Ryan kwa umati wa wafuasi. Mpinzani mmoja anatupa kitu na kumpiga mtoto. Homelander anakipasua kichwa cha mtu yule hadharani. Kimya kinatanda, na yeye mwenyewe anaonekana kuogopa. Kisha mtu mmoja anashangilia, na umati unafuata. Pengo lililoibeba kejeli ya msimu wa kwanza limezibwa: umma sasa umeona tulichokiona sisi, na umependa. Kamera inamalizia kwa Ryan, anayeanza kutabasamu.

Baada ya tukio hilo, msimu wa nne unasikitisha. Kambi mbili za wafuasi, kesi mahakamani, waeneza uzushi, njama ya kumuua rais mteule: karibu kila kitu kina mwenzake katika habari za Marekani za wiki ile. Tashtiti ikikimbizana na habari hushindwa hata inapofika mapema. Sehemu ya mwisho ilitolewa tarehe 18 Julai 2024, siku chache baada ya Trump kupigwa risasi Pennsylvania. Ikabidi jina lake, lililotaja mauaji, liondolewe na onyo kuwekwa mwanzoni. Aidha, kampuni inayoichekesha dunia kuhusu makampuni makubwa ni Amazon. Mwaka 2007 katuni zenyewe zilifutwa baada ya matoleo sita na DC, wamiliki wa Superman, zikahamia kwa mchapishaji mwingine. DC, angalau, waliona kuwa wanatukanwa.

Lakini msimu huo una mambo mawili yanayouokoa. La kwanza ni Ryan. Watu wazima wa upande wa pili wanamtaka mtoto huyu amuue baba yake, kwa kuwa hakuna mwingine awezaye, na Grace Mallory anakufa mikononi mwake anapojaribu kumzuia asiondoke. Wasomaji wa Utendi wa Fumo Liyongo wa Muhammad Kijumwa wanaijua hila hii. Sultani wa Pate, asiyemweza jagina kwa vita, anamrubuni mwanawe, na kijana anamchoma babaye kitovuni kwa sindano ya shaba. Tofauti iko katika mtazamo. Utendi unamlaani msaliti na mtawala aliyemtuma, na Liyongo hata akiwa maiti amepiga goti na upinde mkononi, watu hawathubutu kuteka maji kisimani. The Boys inauliza swali ambalo utendi hauliulizi: mtoto anayefunzwa kuwa sindano atakuwa mtu gani baadaye? Hapa siasa ya tamthilia inarudi kwenye kina, kwa sababu inazikosoa pande zote mbili kwa kosa moja bila kuzifanya ziwe sawa.

La pili ni A-Train. Tamthilia imemtumia kuonesha mwili mweusi unavyouzwa: katika msimu wa tatu anavalishwa vazi lenye nakshi za Kiafrika eti arejee kwenye mizizi yake, Afrika ikiwa kitambaa tu, wakati jagina mwenzake anawapiga watu weusi mitaani. Katika msimu wa nne anampakata mpinzani wake, Mother's Milk, aliyezidiwa, na kukimbia naye hadi hospitali. Hakuna hotuba iliyoandaliwa wala mpiga picha wa Vought. Yupo mtoto mmoja tu, anayemtazama kwa mshangao, na A-Train, aliyezoea viwanja vizima kulitaja jina lake, anasimama kidogo akimtazama mtoto yule kama mtu asiyejua afanye nini na mikono yake.