Magoti ya Mcheza Ngoma

Jioni kwenye hoteli za kitalii za Arusha, kundi moja la vijana hucheza bugobogobo ya Wasukuma, likaingia sindimba ya Wamakonde, kisha likamalizia na mruko wa Kimaasai, na mgeni hajamaliza hata supu. Wapo wanaokereka kuona mila zikikatwakatwa hivyo. Mimi huwavulia kofia vijana hao.

Tazama bugobogobo. Jembe linarushwa, linazunguka hewani, linadakwa kwa mpini, na njuga za miguuni hazijakosa pigo hata moja. Sindimba inadai kinyume chake: kiuno kifanye kazi peke yake huku mabega yametulia, kana kwamba hayajui kinachoendelea chini. Halafu ule mruko, ambao Waarusha na Wamaasai huurithisha bila ngoma ya kupigwa. Ni makoo tu yanayonguruma. Olaranyani, yaani mwimbishaji, akipandisha sauti, mrukaji naye hupanda, mwili wima, visigino havikanyagi. Kijana mmoja wa Ngaramtoni akiyabeba yote matatu mwilini, amesoma vya kutosha.

Ila kusoma huko nani anakulipia? Desemba 1962, Mwalimu Nyerere aliwasuta wasomi Bungeni kwamba rumba na twisti wanazijua, lakini gombe sugu na lelemama hawazijui. Akaunda wizara ya utamaduni. Muongo huohuo likaanzishwa kundi la ngoma la taifa, wachezaji wake wakilipwa mshahara, wakiamka asubuhi kwenda mazoezini kama mwalimu anavyokwenda darasani. Kundi lilipovunjwa, kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, leo TaSUBa. Chuo kinafundisha vizuri, lakini cheti si mshahara. Miaka hiyohiyo, vikundi vya Dar es Salaam kama Muungano viliishi kwa viingilio vya kumbi za bia. Vya Arusha vikaegemea watalii.

Hoteli hununua onyesho. Mazoezi hainunui, na ufundi wote uko humo: wiki nzima ya kurudia zamu moja ya kuingia uwanjani, kuzipasha moto ngozi za ngoma ili zikaze, kumrekebisha mgeni wa kikundi anayetua kwa kisigino. Masika yakifika, wageni wakipungua, nauli ya daladala kwenda mazoezini ndiyo ya kwanza kukosekana, na kikundi husambaratika kimyakimya. Mmoja bodaboda, mwingine kwenye kahawa.

Ndiyo maana nikisikia mipango ya kuinua wacheza ngoma, huuliza kwanza habari ya sakafu ya mazoezi. Ngoma hizi zilizaliwa kwenye udongo, na udongo unapokea mguu. Siku hizi hurukwa kwenye saruji, na saruji hurudisha kila pigo gotini. Jiji hili lina kumbi za mikutano za AICC zilizopokea marais; lingeweza pia kuwa na ukumbi mmoja wenye sakafu ya mbao, ufunguo wake ukae kwa wachezaji, na mkufunzi mzee alipwe kwa mwezi, Aprili na Mei zikiwemo.